Uliza Ujibiwe: Isabel wa Brazil na sheria ya vifungu viwili

Katika toleo lililopita tulichapa kwa ufupi maisha ya Isabel wa Brazil: binti wa Kaizari Pedro II, aliyezaliwa Rio de Janeiro mwaka 1846, akatia saini sheria ya kufuta utumwa tarehe 13 Mei 1888, akafukuzwa nchini pamoja na jamaa zake mwaka uliofuata, akafia Ufaransa mwaka 1921. Maswali yaliyotoka Lindi na Mtwara yamekuwa mazito. Kilwa Kivinje na Mikindani zilikuwa bandari za biashara ya watumwa, na Masasi waliletwa watu waliokombolewa, kwa hiyo wasomaji wa kusini wanauliza kama watu wenye haki ya kujibiwa.

SWALI: Mwalimu wetu anamwita Isabel malkia, nyinyi mmemwita kaimu. Nikikutana naye kwenye mtihani niandike lipi? *Mwanafunzi wa kidato cha sita, Lindi mjini*

JIBU: Andika kaimu. Hakuwahi kuvikwa taji hata siku moja. Cheo chake cha kudumu kilikuwa cha mrithi wa kiti, na mara tatu alikaimu kiti hicho baba yake alipokuwa safarini.

Ukoo wenyewe ni wa Bragança, ule ule uliotawala Ureno. Brazil ilipojitenga na Ureno mwaka 1822 haikuchagua rais kama walivyofanya majirani zake. Ilibaki na Kaizari. Babu yake Isabel, Pedro I, aliacha kiti tarehe 7 Aprili 1831, akamwachia mtoto wa miaka mitano. Mtoto huyo, Pedro II, alitangazwa mtu mzima Julai 1840 akiwa na miaka 14, akatawala hadi 1889.

Isabel alikuwa na ndugu wawili wa kiume. Afonso, kaka yake, alifariki mwaka 1847. Pedro Afonso, mdogo wake, alifariki Januari 1850. Katiba ya 1824 ilimtanguliza mwanamume mbele ya mwanamke wa daraja moja, hivyo kama mmoja wao angepona, Isabel asingekuwa mrithi. Bunge lilimtambua tarehe 10 Agosti 1850, na siku alipotimiza miaka 14, tarehe 29 Julai 1860, akala kiapo. Katiba hiyo hiyo ilimpa kiti cha Seneti kwa haki ya kuzaliwa alipofika miaka 25, wakati hakuna mwanamke yeyote Brazil aliyekuwa na haki ya kupiga kura.

Vipindi vyake vya kukaimu ni hivi: Mei 1871 hadi Machi 1872, Machi 1876 hadi Septemba 1877, Juni 1887 hadi Agosti 1888. Vishike kwa miezi, maana hapo ndipo watahiniwa wanapoteleza. Sheria ya 1871, iliyohusu watoto wa watumwa, na ile ya 1888 ya kufuta utumwa, zote mbili zina saini yake. Ile ya 1885, iliyowahusu watumwa wazee, haina, kwa sababu mwaka huo Kaizari alikuwa nyumbani.

SWALI: Kuna wanaosema Isabel alishika kalamu tu, kazi ilifanywa na wengine. Kuna wanaomwita mkombozi. Nyinyi mnasimama wapi? *Mwalimu mstaafu, Masasi*

JIBU: Shikamoo, mwalimu. Sisi tunaona hivi: kazi nzito ilikwisha kufanywa na watumwa wenyewe kabla ya kalamu kushikwa, na mchango mkubwa wa Isabel ulikuwa wa mwezi Machi kuliko wa Mei.

Oktoba 1886 Bunge lilifuta adhabu ya viboko kwa watumwa. Ni jambo linaloonekana dogo mpaka ulitazame shambani. Shamba la kahawa lilisimama juu ya kiboko. Kilipoondolewa na sheria, watu wakaanza kuondoka, na mwaka 1887 katika mkoa wa São Paulo walikuwa wakitoroka kwa makundi, mchana. Mabwana wakataka jeshi liwasake. Oktoba mwaka huo maofisa wa jeshi, kupitia chama chao kilichoongozwa na Marshali Deodoro da Fonseca, walimwandikia Isabel kumwomba askari wasitumwe kuwawinda watoro. Bwana asiye na kiboko wala askari hana tena cha kumshikia mtu.

Isabel wakati huo alikuwa akikaimu kwa mara ya tatu, na Kaizari alikuwa Ulaya kwa matibabu. Waziri mkuu alikuwa Baroni wa Cotegipe, mtu wa kwenda polepole. Hapa ndipo inapofaa kuijua ile Katiba. Mwenye kiti hakutunga sheria, lakini aliweza kuweka na kuondoa mawaziri, kulivunja baraza la wabunge, na kuchagua seneta mmoja kati ya majina matatu yaliyopendekezwa. Kwa hiyo nguvu yake ilikuwa katika kuchagua nani aongoze serikali.

Mapema Machi 1888 polisi wa Rio walimkamata na kumpiga ofisa wa jeshi la majini. Isabel alitaka mkuu wa polisi aondolewe. Cotegipe akakataa, akajiuzulu. Kisha Isabel akamwita João Alfredo Correia de Oliveira, na tarehe 10 Machi baraza jipya likaingia kazini. Kwetu sisi hilo ndilo tendo lake kubwa la siasa. Angeweza kumwita mtu mwingine wa kuvuta muda, kama ilivyokuwa imefanyika kwa miaka mingi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Tarehe 3 Mei alifungua Bunge. Tarehe 8 waziri wa kilimo, Rodrigo Silva, aliwasilisha muswada. Ulipita kwa kura 83 dhidi ya 9, ukapelekwa Seneti, ambako Cotegipe aliupinga mpaka mwisho, nao ukapita Jumapili tarehe 13. Siku hiyo hiyo Isabel alishuka kutoka Petrópolis, mji wa milimani walikokaa nyakati za joto, akaingia kasri ya mjini Rio, akatia saini kwa kalamu ya dhahabu iliyonunuliwa kwa mchango wa watu.

Sheria yenyewe ni Na. 3353, na Wabrazil huiita Sheria ya Dhahabu. Ina vifungu viwili. Cha kwanza kinasema utumwa umekwisha Brazil kuanzia tarehe ya sheria hii. Cha pili kinafuta kila kanuni inayopingana nayo. Maneno "kuanzia tarehe ya sheria hii" hayakuwamo kwenye muswada wa serikali. Yaliongezwa bungeni, ili uhuru usingoje matangazo kufika mikoa ya mbali. Nyongeza hiyo ndogo tunaiheshimu sana.

Halafu soma kisichokuwamo. Hakuna shamba. Hakuna mbegu, jembe, shule wala posho. Mtu aliamka Jumatatu tarehe 14 akiwa huru, ardhi yote aliyoilima ikiwa ya bwana wake wa jana. Wengi walibaki pale pale wakifanya kazi kwa ujira mdogo. Wengine walipanda vilima vya pembezoni mwa miji. Kosa hilo halikuwa la Isabel peke yake. Wapo wanasiasa waliodai ardhi itolewe pamoja na uhuru, na Bunge halikuwasikiliza. Lakini saini ni yake, na anayemsifu kwa kilichoandikwa akubali pia kuulizwa juu ya kilichoachwa.

SWALI: Mmesema sheria ya 1871 iliwapa uhuru watoto wa watumwa. Mtoto anakuwaje huru na mama yake bado mtumwa? Anakula kwa nani? *Mama wa watoto wanne, Newala*

JIBU: Mama, umegusa mahali penyewe. Ile ilikuwa sheria ya tarehe 28 Septemba 1871, iitwayo Sheria ya Tumbo Huru, chini ya waziri mkuu Rio Branco, na Isabel aliisaini akiwa na miaka 25. Njia rahisi ya kuielewa ni kumfuata mtoto mmoja kwa hesabu.

Tuseme mtoto amezaliwa tarehe 10 Oktoba 1871. Huyu si mtumwa kisheria. Lakini anakaa kwa bwana wa mama yake, naye bwana anawajibika kumtunza hadi atimize miaka minane, yaani tarehe 10 Oktoba 1879. Hapo bwana anapewa siku 30 za kuchagua. La kwanza: amkabidhi mtoto kwa serikali, alipwe mil-réis 600 (mil-réis moja ni réis elfu moja, fedha ya Brazil ya wakati huo). Hazikuwa fedha mkononi. Zilikuwa hati za dhamana zenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, kwa miaka 30. Piga hesabu: mil-réis 36 kila mwaka. La pili: abaki na mtoto na kumfanyisha kazi bila ujira mpaka afike miaka 21, yaani Oktoba 1892. Bwana akinyamaza siku 30 zikapita, sheria inahesabu amechagua la pili.

Sasa jiweke mahali pa bwana mwenye shamba la kahawa. Kijana wa miaka minane anakaribia umri wa kazi; miaka 13 ya jasho lake ina thamani kuliko mil-réis 36 kwa mwaka. Ndiyo maana waliochagua hati walikuwa wachache mno. Na ndiyo maana sheria ya 1888 ilipofika, mtoto wetu alikuwa na miaka 16 na miezi saba, mzaliwa huru ambaye hajawahi kuonja uhuru. Hata baada ya hapo baadhi ya mabwana walikwenda kwa mahakimu wa yatima kuomba wapewe ulezi wa watoto hao ili waendelee kuwatumikisha.

Kuna vipengele vya sheria hiyo vilivyofanya kazi vizuri zaidi. Kila mtumwa aliye hai ilibidi aandikishwe, kwa ada ya réis 500. Asiyeandikishwa kwa uzembe wa bwana, mwaka mmoja ukipita tangu daftari kufungwa, alihesabiwa ameachwa huru. Mtumwa aliruhusiwa kuwa na akiba yake na kuitumia kujikomboa. Mapadri wa parokia walitakiwa kuwa na daftari la peke yake kwa watoto waliozaliwa baada ya sheria, na tarehe ndiyo iliyokuwa kila kitu: aliyezaliwa tarehe 27 Septemba alikuwa mali ya mtu, aliyezaliwa tarehe 28 hakuwa.

Newala nako kulikuja kuwa na mpaka kama huo. Amri ya Wajerumani ya Desemba 1904 ilisema watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Wazazi wao walibaki watumwa. Watawala wa pande zote mbili za dunia walitumia ujanja ule ule wa kuanzia na tumbo ili wasimkasirishe bwana mara moja.

SWALI: Je, watu wa upande wetu walifikishwa huko Brazil? Na ni kweli kuwa kuna mabaharia waliokataa kubeba watumwa? *Mwenye mashua, Mikindani*

JIBU: Yote mawili ni kweli, ndugu yetu.

Watumwa wengi wa Brazil walitoka Angola, Kongo na pwani ya magharibi. Kwa jumla walioshushwa Brazil katika karne zote wanakadiriwa kuwa karibu milioni 4.8. Upande wetu uliingia kwa nguvu katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kupitia bandari za Wareno kusini ya Ruvuma: Ibo, Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane. Kutoka Kilwa wengi walikwenda Unguja na visiwa vya Wafaransa. Wamakua walikuwa miongoni mwa waliopakiwa katika bandari za Msumbiji, na walipofika Rio waliitwa wote kwa jina moja, Msumbiji, kana kwamba ni kabila. Brazil ilipiga marufuku uingizaji mwaka 1831 kwa karatasi, na mwaka 1850 kwa vitendo.

Mijini Rio kulikuwa na utaratibu ambao mtu wa pwani yetu angeutambua mara moja. Mtumwa alitumwa mjini kutafuta kazi: kubeba mizigo, kuuza vitafunwa, kuchukua maji. Jioni au mwisho wa juma alimpelekea bwana kiasi walichopatana, na kinachozidi ni chake. Huku kwetu mtumwa wa kukodishwa alipewa kijikaratasi cha siku, kibarua, na neno hilo tunalo mpaka leo kwa kazi ya kutwa. Kule ndiko zilikotoka akiba za wengi waliojikomboa.

Sasa mabaharia. Mji ni Fortaleza, mkoa wa Ceará, kaskazini mashariki. Ukame mkali wa 1877 hadi 1879 uliwafilisi wenye mali, nao wakawa wanauza watumwa wao kwenda mashamba ya kahawa ya kusini. Lakini Fortaleza haikuwa na gati la meli kubwa. Meli ilitia nanga mbali, na kila mzigo na kila mtu ilibidi abebwe kwa jangada, chombo cha magogo mepesi yaliyofungwa pamoja, chenye tanga la pembe tatu. Wenye jangada wakigoma, bandari imefungwa. Januari 1881 waligoma: hakuna mtumwa atakayepakiwa. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Francisco José do Nascimento, rubani wa bandari, mtu mweusi wa ukoo wa wavuvi. Biashara ikakatika kwenye koo lake, na tarehe 25 Machi 1884 Ceará ikafuta utumwa, miaka minne kabla ya Isabel kushika ile kalamu. Mwaka huo Nascimento alikwenda Rio na jangada yake ikapakiwa melini, ikatembezwa mitaani watu wakishangilia.

SWALI: Mabwana walilipwa fidia gani? Na kwa nini Isabel hakukalia kiti baada ya baba yake? *Msomaji, Kilwa Kivinje*

JIBU: Hawakulipwa hata réis moja. Uandikishaji wa 1887 ulihesabu watumwa karibu 723,000, wakati hesabu ya watu ya 1872 ilikuwa na zaidi ya 1,500,000. Tofauti hiyo ni vifo, waliojikomboa, walioachwa huru na waliotoroka. Mabwana waliobaki walidai fidia kwa miaka, na Desemba 1890 waziri wa fedha wa serikali mpya, Rui Barbosa, akaamuru kumbukumbu za utumwa zilizokuwa serikalini zichomwe, ili madai yakose ushahidi. Alifunga mlango kwa mabwana, ila moto huo uliwanyima pia wajukuu wa watumwa karatasi za kuwatafuta wazee wao.

Swali la pili linafuata humo humo. Wenye mashamba waliokuwa nguzo ya ukoo wa Bragança walihama siku moja baada ya saini, na wakaitwa warepublikani, yaani watu wanaotaka jamhuri, wa tarehe 14 Mei. Jeshi lilikuwa na manung'uniko yake ya siku nyingi. Tena wengi hawakutaka kutawaliwa na mwanamke, mcha Mungu sana wa Kanisa Katoliki, aliyeolewa na Mfaransa. Mumewe, Gaston, alikuwa na cheo cha Kaunti (comte) wa Eu; walioana tarehe 15 Oktoba 1864. Yeye ndiye aliyeongoza majeshi ya Brazil mwishoni mwa vita vya Paraguay na kuisukuma serikali ya muda ya huko kufuta utumwa Oktoba 1869, lakini mitaani Rio alibaki kuitwa mgeni.

Tarehe 15 Novemba 1889 jeshi likaipindua dola. Aliyeongoza ni Deodoro da Fonseca, yule yule aliyemwandikia Isabel miaka miwili nyuma kuwatetea watoro.

SWALI: Aliishije uhamishoni? *Msomaji, Nachingwea*

JIBU: Waliondoshwa Rio usiku, tarehe 17 Novemba 1889, wakapakiwa kwenye meli Alagoas kuelekea Ureno. Mama yake alifariki mjini Porto mwezi uliofuata. Baba yake alifariki Paris tarehe 5 Desemba 1891. Isabel aliishi Ufaransa na wanawe watatu wa kiume. Mzaliwa wake wa kwanza, wa kike, alifia tumboni Julai 1874 baada ya uchungu mrefu. Sheria ya kuwafukuza ilifutwa mwaka 1920, lakini yeye alikuwa mgonjwa, hakurudi. Alifariki katika kasri la Eu tarehe 14 Novemba 1921 akiwa na miaka 75. Mabaki yake yamezikwa Petrópolis.

SWALI: Nataka wanafunzi wachore mstari wa nyakati wa maisha ya Isabel ubandikwe ukutani. Jaribio la kwanza matukio yalirundikana mahali pamoja, kwingine kukabaki kweupe. Tulikosea wapi? *Mwalimu wa Historia, Mtwara mjini*

JIBU: Mlichokosa ni kipimo, mwalimu. Chukueni sentimita 2 kwa mwaka mmoja. Ungeni manila kwa gundi hadi zifike urefu wa sentimita 170, muache sentimita 5 wazi upande wa kushoto, kisha muweke 1846 kwenye sifuri. Kuzaliwa kwake ni sifuri, kiapo cha 1860 kiwe sentimita 28, ndoa ya 1864 sentimita 36, Tumbo Huru sentimita 50, kufutwa kwa utumwa sentimita 84, kupinduliwa sentimita 86, kifo sentimita 150.

Kati ya 84 na 86 mtabanwa tena, maana mambo ya Machi hadi Mei 1888 hayaenei kwenye sentimita mbili. Msiyalazimishe. Chora duara dogo hapo, vuta mshale hadi karatasi ya pembeni, na kwenye hiyo karatasi tumieni sentimita 1 kwa siku kuanzia tarehe 3 hadi 13 Mei. Machi iandikwe kwa maneno juu yake.

Chini ya mstari wa Isabel pigeni mstari wa pili wenye kipimo hicho hicho, kwa ajili ya huku kwetu. Mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja, 1873, uwe sentimita 54. Askofu Steere, mmisionari Mwingereza, kupita Lindi na watu waliokombolewa hadi Masasi, 1876, sentimita 60. Maasi ya pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani, 1888, sentimita 84, chini kabisa ya saini ya Isabel. Amri ya 1904 sentimita 116. Na msisahau ile nafasi ya ziada mkono wa kulia: sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ni ya 1922, inaangukia sentimita 152, mbele ya kifo chake.